Ile Nne Kwenye Karatasi ya Tairi

Mshauri mpendwa,

Pokea salamu zangu kutoka hapa Ikutha. Mimi ukurasa wako nausoma kila wiki, hata kuna majibu yako nimekata na makasi nikaweka ndani ya Biblia, na sikuwahi kufikiri siku moja nitakuwa upande huu wa kuandika, kwa sababu nyumba yangu ni nyumba ya watu kuja kuuliza, si nyumba ya kuuliza, lakini sasa naomba msaada wako na naomba uharakishe, leo ni Jumatano na haya maneno yakifika Jumamosi kama bado yako ndani yangu naogopa vile yatatoka.

Jina langu lifiche. La kijana wangu usifiche, anaitwa Nzau, wacha watu wamjue.

Nzau ni kifungua mimba wangu na ni fundi wa pikipiki hapa sokoni, na sisemi kwa sababu ni wangu, uliza mtu yeyote kuanzia hapa mpaka Mutomo, kuna pikipiki ilikuwa imekataliwa na mafundi watatu, mwenyewe anataka kuiuza kama chuma chakavu, Nzau akaiinamia akasikiliza tu, akasema ni kitu kidogo, na kweli ilikuwa kitu kidogo, mpaka leo inabeba kreti za soda. Mimi niliishia darasa la saba na babake, Mungu amlaze pema, hata hapo hakufika, kwa hivyo hicho kichwa alikitoa kwa Mungu moja kwa moja.

Lakini kuna jambo nataka ulijue mapema ndio uelewe uzito wa kosa langu. Huyu mtoto akiwa darasa la sita namba zilikuwa zinamchezea. Kumi na mbili anaandika ishirini na moja, sita inageuka tisa, na mwalimu mmoja akamwambia mbele ya watoto wote kwamba yeye na rula hawatawahi kuelewana. Alikuja nyumbani hakula. Mimi nikakaa na yeye uani kila jioni, tunaandika namba kwa mchanga na kidole, tunafuta, tunaandika tena, miezi mingi, mpaka zikatulia. Na zilitulia kabisa, mshauri, siku alipopata cheti chake cha ufundi mimi nilikibeba kanisani nikakiinua juu kabla hata sijaitwa mbele.

Sasa, bibi yake anaitwa Kavata, ni msichana wa heshima, ni mhudumu wa afya wa jamii, kazi yake ni kutembea boma kwa boma na ule mkoba wake akipima watu presha na kuangalia watoto, na boma zake nyingi ziko ng'ambo ya mto, na mto wetu wakati mwingi ni mchanga mtupu, mchanga wa kukumeza mpaka kwa kifundo cha mguu. Nzau akamwonea huruma. Akasema atamuundia pikipiki yake mwenyewe, si ya kununua dukani, ya kuunda, na akaanza kuiunda nyuma ya nyumba yangu, fremu ametoa kwa pikipiki moja iliyokuwa imelala gerejini, injini ametoa kwa nyingine, kiti akakifanya kirefu na nyuma akaweka chuma ya mgonjwa kuegemea, na pahali pa miguu ya mgonjwa akapanua hata mzee wa magoti mabaya akanyage vizuri. Ukiiona utasema imetoka kiwandani. Mimi nilitaka aandike jina lake kwa tangi na rangi nyekundu akakataa, huyo mtoto hapendi kujisifu, sijui hiyo alitoa wapi.

Sehemu iliyomchukua wakati mrefu ni tairi. Mimi nilidhani tairi ni tairi, mradi iwe nyeusi na ishike upepo, kumbe hapana, akanieleza pole pole vile mimi nilikuwa nikimweleza zile namba za mchanga. Namba ya kwanza ni upana wa tairi. Ya pili ni vile inasimama kutoka kwa ringi kwenda juu ukilinganisha na huo upana wake. Ya mwisho ni ukubwa wa ringi yenyewe. Tairi ya mbele akachagua ndefu na nyembamba ipande juu ya mawe, hiyo alikuwa nayo tayari. Ya nyuma alipima ringi, akapima nafasi ya cheni, akapima tena mtu akikaa pale pa mgonjwa, na akaandika kwa karatasi ya kitabu cha mazoezi, 110/90-17, akaikunja akanipa mimi, kwa sababu nilikuwa naenda Matiliku kumtembelea dada yangu Mwongeli na huko kuna duka la spea la Jabiri, huyo ni mtu wa asili ya pwani, tairi zake haziweki kwa jua.

Hapo ndipo mimi niliingia.

Siku mbili kabla ya kusafiri tulikuwa na kikao cha akina mama kanisani, mimi ndiye katibu, na tulipomaliza nikawa nawaeleza kidogo tu juu ya pikipiki ya Nzau. Syokau akanisikiliza akiwa amekunja mikono. Syokau tunakaa mpaka mmoja na kijana wake Muli amenunua pikipiki kubwa Nairobi, ya kununua tu, hata boliti moja hakukaza. Akaniuliza mbele ya wote, "Na hiyo ya Nzau, nyuma tairi ni ngapi? Ya Muli wangu ni mia moja thelathini. Ama ninyi mnaunda baiskeli?" Na akina mama wakacheka. Mshauri, mimi nilijua ni mia moja na kumi, nilikuwa nayo kwa kichwa, lakini mdomo ulikuwa umeshafunguka na ukasema, "Yetu ni mia moja arobaini."

Syokau akaikunjua ile mikono yake. Nikaenda nyumbani nikiwa nimefurahi sana na baadaye hiyo furaha ikaanza kuniuma, kwa sababu nimesema uongo ndani ya kanisa, mimi katibu, na hiyo pikipiki ikija kuombewa kanisani Syokau atainama asome ile namba kwa ubavu wa tairi, namjua, atainama hata kama mgongo unamuuma. Nikafikiri siku mbili. Nikaona kwanza tairi pana si jambo baya, ngamia wa wale wafugaji wanaopita hapa wana mguu mpana na hawazami mchangani, sasa pikipiki ya kuvuka mchanga si ingetaka hivyo hivyo, nikajiambia Nzau mwenyewe angefikiri mambo ya ngamia angechagua pana. Basi asubuhi nikiwa kwa meza ya Mwongeli nikatoa karatasi na kalamu yangu ya bluu, na ile moja ya katikati nikaiwekea kiwiko upande wa kushoto na nikapitisha mstari mmoja. Ikawa nne. Sikusema uongo tena, ni karatasi sasa ilisema.

Jabiri aliisoma mara mbili. Akasema mia moja arobaini kwa tisini hana, anayo ya kwa sabini, halafu akaniuliza kwa ule upole wao, "Mama, tairi hili lataka ringi pana. Ringi yenu ina upana gani?" Nikamwambia kijana wangu ni fundi, akiandika ameandika. Akanifungia hiyo ya sabini. Nikaibeba hiyo tairi kwa mapaja yangu kutoka Matiliku mpaka hapa Ikutha kama mtoto mchanga.

Nzau alipoipokea aliishika na mikono miwili, akasoma ubavuni, na uso wake ukabadilika. Akasema hii si yenyewe. Akaomba karatasi. Nikampa. Aliiangalia muda mrefu, akaipeleka kwa mwanga, akaniita mama kwa lugha yetu akauliza, "Mwaitu, hii nne niliandika mimi?"

Mshauri, hapo nilikuwa na nafasi. Kavata alikuwa jikoni, tulikuwa wawili tu, ningesema tu ni mimi, angecheka, pengine angekasirika mpaka jioni. Mimi nikamwambia, "Si ni mwandiko wako. Kwani nani mwingine ameandika?"

Akaikunja ile karatasi ndogo ndogo. Akasema pole pole, kama anajiambia mwenyewe, "Basi zimeanza tena."

Nikajifanya sijasikia, nikaenda kuangalia mbuzi.

Sasa sikiza vile imeendelea, hii ni wiki ya tatu. Aliivalisha kwa ringi ikaingia, kwa sababu ile kumi na saba ya mwisho ni sawa, lakini inakaa imebanwa chini na juu imechongoka kama yai. Akaendesha hapa uani peke yake, hakuna neno. Akaweka magunia mawili ya mahindi pale pa mgonjwa, nyuma ikashuka, tairi ikapanda ikaguza madigadi, ile bati ya kuzuia matope, na cheni ikaanza kulamba ubavu, tukasikia harufu ya mpira ukiungua na alipoinama alipata mstari umechimbwa. Nikafikiri sasa ataikataa. Hakuikataa. Akasema kosa ni lake kwa hivyo atalitoa mwenyewe, na akazikata zile chuma mbili zinazoshika gurudumu la nyuma, akazipanua, akazichomelea, akasukuma gurudumu upande mmoja kidogo ndio cheni ipate nafasi. Sasa haiguzi. Lakini mimi nimesimama nyuma yake nikaangalia, na gurudumu la mbele na la nyuma haziangaliani. Hata mimi wa darasa la saba nimeona.

Na si hiyo tu. Nzau hapimi kitu siku hizi bila kumwita Kavata amsomee namba. Wiki jana alikuja mteja na injini ya kufungua, kazi ambayo yeye hufanya akiimba, akamwambia apeleke Mutomo, siku hizi yeye hayuko sawa na namba. Alisema hivyo mbele ya watu. Kavata akaniuliza faraghani, "Mwaitu, hii kitu ilimsumbua akiwa mdogo iliisha kweli?" Nikamwambia iliisha. Akaniangalia akingoja nimalizie, sikumalizia.

Jumamosi Kavata anabeba mgonjwa wa kwanza. Ni mzee Kanyiva wa ng'ambo ya mto, anapelekwa kliniki ya presha Mutomo, atakaa pale nyuma ameegemea, na wakishavuka mchanga ni lami mpaka huko na malori yanayotoka Kibwezi hayangoji mtu. Jumapili ndio pikipiki inaombewa.

Nimefikiria kuficha ufunguo. Nimefikiria kusema Jabiri ndiye alichanganya, huyo hatujui na hatakuja kanisani kwetu kukataa. Nimefikiria nimwambie Nzau baada ya maombi ya Jumapili, wakati watu wamekula na amefurahi. Lakini kila mara nikimkaribia ananiambia, "Mwaitu, wewe ndiye ulinifundisha, kwa hivyo usijilaumu," na mimi narudi kuangalia mbuzi. Yeye anafikiri mimi nahuzunika kwa sababu yake.

Mshauri, mimi ni mama mzuri, hilo hata Syokau atakuambia. Nifanye nini, na nifanye lini?

Mama wa Fundi,
Ikutha.


JIBU

Mama wa Fundi,

Barua yako niliipata jana saa kumi jioni na sikuiweka kwenye foleni. Jibu hili nakutumia kwenye simu leo Alhamisi asubuhi. Gazetini litatoka wiki ijayo, na majina yote nimeyabadilisha, hata lile uliloniomba nisilifiche. Utanisamehe kwa hilo. Usipofanya ninalokuambia, mimi sitakusamehe.

Umeuliza lini. Leo. Ukimaliza kusoma hapa, kabla ya chai.

Nimempigia simu fundi mmoja anayeitwa Kilonzo, mtu mzima, ameshika spana tangu kabla ya mtoto wako kuzaliwa, nikamweleza bila kutaja mtu. Nilipofika pale pa tairi iliyochongoka kama yai alisema tairi ya namna hiyo inagusa barabara kwa ukanda mwembamba tu, kwa hivyo upana wote uliougharimia unaning'inia hewani. Nilipofika pale pa chuma kukatwa na kuchomelewa alinikatiza. Akasema magurudumu yasiyofuatana huivuta pikipiki upande ukishika breki ghafla, na chuma iliyopanuliwa nyumbani hukatika pale pale ilipochomelewa, na haikatiki ikiwa imesimama, hukatika ikiwa na mzigo na mwendo. Kisha akasema, "Hiyo isitoke kwa lango." Mzigo wa Jumamosi ni mkaza mwanao na mzee wa watu. Kwa hivyo hatuzungumzi juu ya aibu yako tena. Tunazungumza juu ya watu wawili kwenye lami.

Sasa nikuseme kidogo, kwa sababu umeniomba msaada na hilo ni sehemu ya msaada.

Umenieleza kosa lako kana kwamba ni ule mstari wa kalamu. Mstari huo ulikuwa upumbavu, na upumbavu tunao wote. Ungemwambia siku ile ile, leo mngekuwa mnacheka. Kosa lako ni lile jibu ulilompa alipokuuliza. Katika dunia nzima ni wewe peke yako uliyejua namba zilimfanya nini mtoto huyu, ulikaa naye mchangani ukizituliza moja moja, na siku uliyobanwa ulienda ukamrudisha kule kule. Mwalimu yule alimwambia hawezi kwa sababu alikuwa hajui. Wewe ulijua kuwa anaweza, ulikuwa na ushahidi mfukoni, na ukanyamaza wiki tatu ukimwangalia akimwita mkewe amsomee rula. Ndiyo, mama mzuri huweza kufanya hivyo. Ndiyo maana nakujibu kwa haraka na sijakata tamaa nawe.

Ufunguo usifiche. Ufunguo utakununulia siku moja, na atauchonga mwingine, si umesema ni fundi?

Jabiri muache kabisa. Mtu huyo alisoma karatasi mara mbili, akakuuliza swali sahihi, swali ambalo lingekuokoa, na wewe ukamjibu kwa majivuno. Ukimsingizia kwa sababu haji kanisani kwenu, basi usichukue tena kitabu cha ukatibu mkononi.

Na kungoja baada ya maombi ni kungoja baada ya Jumamosi. Soma hiyo mara mbili.

Utafanya hivi. Nenda nyuma ya nyumba alipo. Usiende na chakula, usiende na zawadi, usianze na hadithi ya Syokau wala ya ngamia, maana ukianza na Syokau utakuwa umeshaanza kujitetea. Ngamia naye hana cheni. Sema maneno machache: "Nzau, uliandika moja. Nne niliiweka mimi, kwa kalamu yangu, kwa meza ya Mwongeli. Ulipouliza nilikudanganya." Kisha funga mdomo. Najua ni kazi ngumu kwako, lakini ufunge. Asipoongea, usijaze kimya chake. Akiuliza kwa nini, hapo ndipo utamweleza ya kanisani, yote, hata zile siku mbili za kufikiri, usipunguze.

Anaweza kukasirika sana. Usimwambie wewe ni mamake. Analijua hilo, na ndiyo maana hakukushuku.

Kisha umwite Kavata umwambie vile vile, kwa maneno yale yale. Yeye ndiye angekaa juu ya hiyo tairi, na alikuuliza swali la kweli ukamjibu nusu.

Kuhusu pikipiki, uamuzi ni wa fundi, si wako wala wangu, lakini Kilonzo anashauri zile chuma zilizokatwa zisitengenezwe, zitafutwe nyingine nzima, na tairi irudi kuwa ile aliyoipima mwanao mwanzo. Alisema aliyechagua hiyo mia na kumi kwa ringi hiyo na kwa mgonjwa wa nyuma ni mtu anayeijua kazi yake. Mwambie Nzau maneno hayo, yametoka kwa mgeni ambaye hana sababu ya kumsifu. Mchanga wa mto hauvukwi kwa upana. Tairi yenye meno, upepo upunguzwe kidogo kabla ya kuingia mchangani, na ujazwe tena kabla ya lami, basi. Hiyo ya sasa utaipeleka Matiliku wewe mwenyewe, kwa mapaja yale yale, na Jabiri akikataa kuipokea kwa sababu imeshachimbwa, utakuwa umepata hasara yako kwa haki.

Mzee Kanyiva atafutiwe usafiri mwingine leo hii, asingojeshwe mpaka Jumamosi asubuhi.

Imebaki kanisa. Kwenye kikao kijacho cha akina mama utasimama useme tairi ya Nzau ni mia moja na kumi, na kwamba ile arobaini uliiongeza wewe. Watacheka. Syokau atacheka kwa muda mrefu. Wewe kaa chini uandike kwenye kumbukumbu, kwa sababu ndiwe katibu.

Mshauri.


Kabla ya ukurasa huu kwenda kuchapishwa, ujumbe huu uliingia kwenye simu yangu, Ijumaa saa tatu asubuhi. Nimeomba ruhusa ya kuuweka hapa na nimepewa.

"Mshauri nimesema. Nilisema jana asubuhi vile uliniandikia, nikafunga mdomo. Hakunipigia kelele, ni heri angepiga. Alisimama na spana mkononi akasema, 'Kwa hivyo niliandika moja.' Nikasema ndiyo. Akasema tena, 'Niliandika moja,' na akageuka akaangalia ukuta, mabega yakawa yanamtetemeka na mimi sikumguza, nilikumbuka umesema nisijaze. Kavata alilia na akaniambia maneno ambayo nilistahili. Mzee Kanyiva ataenda na gari ya jirani. Nzau hajanisemesha mpaka sasa, chakula amekula kwa Kavata. Lakini leo asubuhi nimemwona nyuma ya nyumba, ametoa lile gurudumu ameliegemeza ukutani, anapima ringi upya peke yake, hajamwita mtu amsomee. Kulitoa alichukua dakika kumi na moja, nilikuwa naangalia saa kutoka dirishani. Mafundi wengine hapa wangechukua nusu saa."